Retina Ikisharudishwa Mahali Pake, Kazi Bado Haijaisha

Katika ukurasa huu wa nyumbani tumezoea kuzungumza juu ya lishe ya watoto, usafi wa maji na njia za kujikinga na malaria. Juu ya macho hatuzungumzi mara nyingi, na tunapozungumza, aghalabu tunaishia kwenye vikope na mtoto wa jicho. Leo tutatazama ugonjwa mwingine ambao hauwapati wengi, lakini humnyang'anya mtu nuru yake kwa muda wa siku chache tu: kubanduka kwa retina. Wala hatutazungumza juu ya ugonjwa peke yake. Tutazungumza hasa juu ya mambo yanayoweza kutokea baada ya operesheni, wakati jamaa wamekwisha kushukuru, mgonjwa amekwisha kurudi nyumbani, na kila mtu anadhani kwamba habari imekwisha.

Mwandishi wa makala hii ni mtumishi wa ofisi aliyesomea ualimu, si tabibu. Yaliyomo humu hayachukui nafasi ya maneno ya daktari wako. Nia yake ni kukuwezesha kuyaelewa maneno hayo utakapoambiwa, na kujua ni lini hupaswi kungoja.

RETINA NI NINI, NA HUBANDUKAJE

Jicho ni mfano wa kamera. Mbele pana lenzi inayokusanya mwanga. Nyuma, mahali ambapo kamera za zamani ziliwekwa filamu, pana utando mwembamba sana uitwao retina. Utando huo hupokea picha na kuipeleka kwenye ubongo kwa njia ya mshipa wa fahamu. Katikati ya retina kuna sehemu ndogo iitwayo makula. Hiyo ndiyo tunayoitumia kusoma, kutunga uzi katika sindano na kutambua uso wa mtu. Nafasi kubwa iliyobaki ndani ya jicho imejaa ute mzito, mfano wa ute wa yai.

Kadiri umri unavyosogea, ute huo hulegea na kujivuta kutoka kwenye retina. Kwa watu wengi hujivuta bila ya madhara. Kwa wachache, hasa wenye miwani mikali ya kuonea mbali, waliopata kupigwa jichoni, au waliokwisha kufanyiwa operesheni ya mtoto wa jicho, ute huo huichana retina. Maji hupenya katika tundu hilo, yakaingia nyuma ya retina, nayo ikabanduka kama karatasi inavyobanduka ukutani ikiingiwa na unyevu. Retina iliyobanduka haipati chakula chake sawasawa, na chembe zake huanza kufa.

Dalili zake ni tatu. Ya kwanza ni vimulimuli vya mwanga, kama radi ya mbali, pembeni mwa jicho. Ya pili ni vidoa vyeusi vingi vinavyotokea ghafla na kuelea kama nzi au masizi. Ya tatu ni kivuli kama pazia, kinachoanzia upande mmoja na kusogea kuelekea katikati. Hakuna maumivu hata kidogo, na hapo ndipo hatari ilipo, kwa maana watu wetu wamezoea kwenda hospitali kwa ajili ya kinachouma.

TIBA ILIVYOPATIKANA

Hapo zamani mgonjwa wa retina alilazwa kitandani wiki nyingi bila kutikisika, na mwisho wake karibu kila mara ulikuwa upofu. Aliyeibadili hali hiyo ni daktari Jules Gonin wa mji wa Lausanne, Uswisi. Yeye alitambua kuwa chanzo cha ugonjwa ni tundu lililo katika retina, na kwamba tundu hilo likitafutwa na kuzibwa, retina yaweza kurudi. Alilichoma kwa chuma cha moto ili kovu lake liishikize retina. Wenzake wengi hawakumsadiki mwanzoni, lakini kufikia mkutano wa kimataifa wa madaktari wa macho uliofanyika Amsterdam mwaka 1929, kazi yake ilikuwa imekubaliwa. Alifariki mwaka 1935.

Baada yake walikuja wengine. Mwaka 1949, Ernst Custodis wa Ujerumani alieleza njia ya kushona kipande cha kitu laini juu ya ngozi nyeupe ya jicho, ili ukuta wa jicho usukumwe kwa ndani na kulifikia tundu. Mbelgiji Charles Schepens, aliyefanya kazi Boston, Marekani, aliendeleza njia hiyo na kutengeneza chombo cha kuvaa kichwani ambacho kilimwezesha daktari kuiona retina mpaka kwenye kingo zake. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Robert Machemer, akiwa Miami, alionyesha njia ya kuingiza vyombo vyembamba ndani ya jicho na kuuondoa ute wenyewe unaovuta.

Kwa sababu ya kazi ya watu hao, leo, mahali penye vifaa na mabingwa, operesheni ya kwanza hufaulu kuirudisha retina kwa wagonjwa wanane au tisa katika kila kumi. Hiyo ni neema kubwa. Lakini msomaji atafakari pia juu ya yule mmoja au wawili waliobaki, na juu ya wale waliofaulu ambao jicho lao litahitaji kuangaliwa kwa miezi na miaka.

NJIA TATU ZA OPERESHENI

Ili kuyaelewa madhara, hapana budi kwanza tujue ni nini kilichofanyika. Njia ya kwanza ni mkanda: kipande cha silikoni hushonwa nje ya jicho, chini ya ngozi laini, nacho hubaki humo pengine maisha yote. Njia ya pili ni kuingiza povu la gesi ndani ya jicho bila upasuaji mkubwa, ili povu hilo liikandamize retina huku tundu likizibwa kwa mionzi ya leza au kwa baridi kali. Njia ya tatu ni kuondoa ute, kisha kulijaza jicho gesi au mafuta ya silikoni. Mara nyingine daktari huchanganya njia hizi.

Mgonjwa mmoja akikutana na mwenzake katika baraza la hospitali, wasidhani kwamba masharti yao ni sawa kwa sababu wote wamefungwa bandeji. Mwenye gesi ana masharti yake, mwenye mafuta ana yake, na mwenye mkanda kadhalika.

SIKU ZA KWANZA

Katika siku za kwanza jicho huwa jekundu, kope huvimba kidogo, machozi hutoka, na mgonjwa huhisi kana kwamba ameingiwa na mchanga. Hayo ni ya kawaida na hupungua kila siku. Kanuni ya kukumbuka ni hii: jicho lililopasuliwa linatakiwa kila siku liwe afadhali kuliko jana. Likigeuka na kuwa baya kuliko jana, kuna jambo.

Mambo mawili hasa ndiyo yanayohofiwa wakati huu. La kwanza ni presha ya jicho kupanda. Mgonjwa hupata maumivu makali ya jicho na ya upande mmoja wa kichwa, pengine pamoja na kichefuchefu na kutapika. Jamaa wakidhani ni malaria na kumpa dawa ya malaria, saa zitapita na mshipa wa fahamu wa jicho utaumia pasipo kupona tena. La pili ni vijidudu kuingia ndani ya jicho. Jambo hili ni nadra sana, lakini likitokea ni la dharura: maumivu huongezeka, wekundu huzidi, usaha waweza kutoka, na kuona hupungua kwa saa, si kwa siku. Hapo si wakati wa kungoja Jumatatu.

GESI NA MILIMA YETU

Povu la gesi hufanya kazi kwa sababu hupanda juu, kama povu katika chupa. Kwa hiyo daktari humwagiza mgonjwa aweke kichwa chake namna fulani, ili povu likae juu ya tundu. Mmoja ataambiwa ainamishe uso chini, mwingine alale kwa ubavu wa kulia. Agizo hilo laonekana dogo, lakini ni sehemu ya tiba sawa na uzi na sindano. Zaidi ya hayo, mgonjwa mwenye gesi asilale chali, kwa maana povu litaigusa lenzi na kuitia ukungu, na presha yaweza kupanda.

Sasa tuje kwenye jambo linaloihusu nchi yetu ya vilima. Gesi hutanuka mahali penye hewa nyepesi, yaani mahali pa juu. Ndiyo sababu mwenye gesi jichoni hukatazwa kabisa kupanda ndege mpaka gesi iishe. Wagonjwa wengi wanalijua hilo kwa kuwa wameambiwa. Ambalo hawalifikirii ni barabara. Jiji la Bujumbura, kando ya Ziwa Tanganyika, liko karibu mita 770 juu ya usawa wa bahari. Barabara iendayo Muramvya na Gitega hupanda mpaka Bugarama, zaidi ya mita 2,000, katika safari isiyofika kilometa 40. Mtu akiondoka ziwani na povu kubwa la gesi jichoni, akifika Bugarama gesi ile itakuwa imetanuka kwa sehemu moja ya sita hivi. Jicho ni tufe lililofungwa, halina mahali pa kuipokea nyongeza hiyo. Presha hupanda, maumivu huanza, na damu yaweza kushindwa kuifikia retina. Mtu aweza kupofuka ndani ya basi, akiwa na retina iliyorudishwa vizuri.

Hali ni hiyo hiyo kwa mtu aliyetibiwa Mombasa akarudi Nairobi, penye mita 1,700 hivi, au aliyetibiwa Dar es Salaam na kutaka kurudi kwetu haraka kwa ndege kwa sababu fedha za kulala zimekwisha. Wengi wetu huvuka mipaka kutafuta mabingwa, basi jambo hili latuhusu kuliko linavyomhusu mtu anayekaa nyumba ya tatu kutoka hospitali. Kabla ya kwenda kutibiwa, jamaa na wafanye hesabu ya siku za kukaa huko, si hesabu ya operesheni peke yake. Gesi iitwayo SF6 hukaa jichoni kiasi cha wiki mbili. Iitwayo C3F8 yaweza kukaa wiki sita hadi nane. Aliyewekewa mafuta ya silikoni hana katazo hili la ndege na milima, kwa maana mafuta hayatanuki kama gesi. Ndiyo sababu daktari akijua mapema kwamba mgonjwa anatoka mbali na ana safari ya kupanda, aweza kulitia jambo hilo katika uamuzi wake. Mweleze unakokaa.

Mgonjwa mwenyewe aweza kuliona povu. Mwanzoni haoni ila ukungu. Kisha huona mstari unaotikisika kama maji katika bilauri, nao hushuka siku hata siku, mpaka libaki duara dogo chini kabisa, likatoweka. Kushuka huko ni kwa kawaida, kusimtie hofu.

Jambo jingine la gesi ni nusukaputi. Iko gesi ya kulazia wagonjwa iitwayo naitrasi oksaidi. Ikitumiwa kwa mtu aliye na povu jichoni, huingia ndani ya povu lile na kulitanua ghafla. Wako wagonjwa ulimwenguni waliopofuka kwa njia hiyo, wakipasuliwa mguu au tumbo na watu wasiojua kwamba jichoni mna gesi. Kwa hiyo hospitali nyingi humfunga mgonjwa utepe mkononi wenye maandishi. Usiukate utepe huo kwa sababu ya haya au ya uzuri. Kama hukupewa, omba uandikiwe cheti, ukiweke pamoja na kitambulisho chako, na watu wa nyumbani wajue kilipo.

KOVU: ADUI WA WIKI YA SITA

Katika madhara yote, lililo kubwa na linaloangusha operesheni nyingi kuliko mengine ni kovu. Mwili wa binadamu hujiponya kwa makovu. Katika ngozi, kovu ni jambo la heri. Ndani ya jicho, chembechembe zilizotawanyika wakati retina ilipochanika huweza kujishikiza juu ya retina na chini yake, zikasuka utando mwembamba. Utando huo hujikunja kama ngozi ya ng'ombe inayokauka juani, ukaivuta retina, ikakunjamana na kubanduka mara ya pili. Jambo hili huwapata kiasi cha watu watano hadi kumi katika kila mia waliofanyiwa operesheni, na huonekana zaidi kwa waliochelewa kutibiwa, waliovuja damu ndani ya jicho, au waliokuwa na michaniko mikubwa. Kwa kawaida huja kati ya wiki ya nne na mwezi wa tatu, yaani wakati hasa ambapo mgonjwa ameanza kurudi kazini na jamaa wameacha kumwuliza hali.

Namjua mzee mmoja wa mtaa wa Buyenzi, fundi cherehani, ambaye jicho lake la kulia lilibanduka retina alipokuwa na umri wa miaka hamsini na kitu. Alipelekwa nchi jirani, na watoto wake waliuza kiwanja ili apate nauli na gharama. Operesheni ilifaulu. Alirudi, akaanza tena kusoma gazeti kwa jicho lile. Katika wiki ya sita aliona kuwa kingo za mlango zimepinda, na kwamba chini kuna kivuli. Alikuwa amepewa tarehe ya kurudi, nayo ilikuwa bado wiki tatu. Akasema moyoni: watoto wameuza kiwanja, nitawaambiaje kwamba jicho linasumbua tena? Akanyamaza. Alipofika kwa daktari siku ile ya tarehe yake, retina ilikuwa imekunjamana kama kitambaa kilichokamuliwa. Alifanyiwa operesheni ya pili, akawekewa mafuta. Leo kwa jicho lile anahesabu vidole na kuona mtu anayepita, lakini tundu la sindano halioni.

Nimeomba ruhusa yake kuyaandika haya, naye akaniambia: "Waandikie kwamba sikunyamaza kwa ujinga, nilinyamaza kwa haya." Maneno hayo yanawahusu wengi. Mgonjwa ambaye jamaa zake wamejitolea mali kwa ajili yake huona deni, na deni humfunga kinywa. Basi ni wajibu wa jamaa kumfungua. Msimwambie, "Tumetumia fedha nyingi, sasa umepona." Mwulizeni kila asubuhi anaona nini, na mwambieni waziwazi kwamba nauli ya kurudi ipo. Utando wa kovu ukigunduliwa mapema, mara nyingi waweza kuondolewa wakati retina ingali laini. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Katika jicho, ukuta ukishabomoka huenda usijengeke tena kama ulivyokuwa.

YANAYOKUJA POLEPOLE

Yako madhara mengine yasiyo na haraka, lakini ni vyema yajulikane ili yasilete mashaka.

La kwanza ni mtoto wa jicho. Mtu aliyeondolewa ute, hasa akiwa amepita miaka 50, karibu kwa hakika atapata ukungu katika lenzi ya jicho hilo ndani ya miaka miwili hivi. Wengi hushtuka wakidhani retina imebanduka tena. Mtoto wa jicho huja taratibu kama ukungu wa asubuhi, hauji kama pazia kutoka pembeni, nao huondolewa kwa operesheni inayojulikana. Hata hivyo, si mgonjwa wa kuamua ni upi: mpime na daktari.

La pili ni la mkanda. Mkanda hulirefusha jicho kidogo, basi mtu huhitaji miwani mipya ya kuonea mbali. Pengine huibana misuli inayogeuza jicho, mtu akaona vitu viwili viwili. Mara nyingi hali hiyo hupungua katika wiki au miezi michache. Isipopungua, kuna miwani maalumu au operesheni ya misuli. Kwa wachache, mkanda hutokeza chini ya ngozi au huingiwa na vijidudu, hata baada ya miaka mingi, jicho likawa jekundu na kutoa uchafu usiokoma. Hapo huenda ukalazimika kuondolewa.

La tatu ni la mafuta. Mafuta ya silikoni si ya kukaa milele. Kwa kawaida huondolewa kwa operesheni nyingine baada ya miezi mitatu hadi sita, endapo retina imeshikamana. Yakiachwa muda mrefu mno, huvunjika kuwa matone madogo madogo, yakaziba njia za maji ya jicho na kupandisha presha, au yakakitia ukungu kioo cha mbele cha jicho. Wako wagonjwa wanaoona afadhali, wakasahau kwamba wanayo mafuta jichoni, wakaja kukumbuka miaka imepita. Andika tarehe ukutani, kama unavyoandika tarehe ya chanjo ya mtoto. Pia ujue kwamba mafuta yakiondolewa, kwa baadhi ya watu retina hubanduka tena. Kwa hiyo uangalizi baada ya hapo ni wa lazima.

La nne ni la makula. Kitovu hicho chaweza kuvimba, au kufunikwa na utando mwembamba, mistari iliyonyoka ikaonekana imepinda. Jaribio lake ni rahisi: funika jicho zima, tazama kingo za dirisha au mistari ya daftari la mtoto kwa jicho lililopasuliwa. Fanya hivyo kila wiki.

La tano ni la matone. Matone ya kuzuia uvimbe yanayotolewa baada ya operesheni ni dawa kali yenye steroidi. Yana muda wake. Mgonjwa anayejinunulia chupa nyingine dukani kwa sababu "ilinisaidia" aweza kujipandishia presha ya jicho bila kuhisi lolote, mpaka mshipa wa fahamu umekwisha kuharibika.

KUFAULU NI NINI?

Hapa hapana budi tuseme kweli, ili mtu asije akakata tamaa wala kudanganyika. Retina kurudi mahali pake ni jambo moja. Kuona ni jingine. Kama makula ilikuwa haijabanduka kabla ya operesheni, matumaini ya kuona vizuri ni makubwa. Kama ilikuwa imekwisha kubanduka, hasa kwa zaidi ya wiki, kuona kwa kawaida hurudi kwa sehemu tu, tena polepole, kwa miezi mingi, hata mwaka. Rangi zaweza kuwa hafifu kidogo, na jicho moja likaona kitu kidogo kuliko lingine. Daktari aliyesema "operesheni imefaulu" na mgonjwa anayesema "sioni kama zamani" wote wawili waweza kuwa wanasema kweli. Ni heri mazungumzo hayo yafanyike kabla ya operesheni kuliko baada yake.

Wala jicho la pili lisisahauliwe. Aliyebanduka retina jicho moja yumo katika hatari zaidi ya jicho la pili kuliko mtu mwingine. Yule mzee wa Buyenzi alipopimwa jicho la kushoto lilionekana na sehemu dhaifu, ikazibwa kwa leza kwa dakika chache, pasipo kulazwa. Ni jicho hilo linaloendesha cherehani yake leo, na binti yake humtungia uzi.

KAZI YA WATU WA NYUMBANI

Mama, baba na vijana wa nyumbani, ninyi ndio wauguzi wa wiki zile. Nawa mikono kwa sabuni kabla ya kumtia mgonjwa matone. Ncha ya chupa isiguse kope. Usiku afunike jicho kwa kikinga alichopewa, ili asilisugue usingizini. Asiinue ndoo za maji, asilime, wala asibebe mizigo mpaka aruhusiwe. Akiagizwa kuinamisha uso, wekeni meza ndogo na mto, mtu amsomee gazeti au akae naye, kwa maana siku za kuinama ni ndefu. Majani, asali, maziwa ya mama na dawa yoyote isiyotoka kwa daktari wake visiingie katika jicho lile, hata akiileta mtu mwenye nia njema.

Kabla ya kuondoka hospitali, ulizeni maswali haya na kuyaandika majibu yake:

1. Ndani ya jicho kumewekwa nini: gesi, mafuta, au mkanda?
2. Kama ni gesi, itakwisha lini, na je, njia yetu ya kurudi nyumbani yafaa?
3. Kichwa kiwekwe namna gani, saa ngapi kwa siku, kwa siku ngapi?
4. Matone ni yapi, mara ngapi, na yaachwe lini?
5. Ikitokea hatari usiku au siku ya mapumziko, twende kwa nani?

Na hizi ndizo dalili za kumrudisha mgonjwa siku ile ile, hata kama tarehe yake bado: maumivu yanayoongezeka, kutapika pamoja na kuumwa jicho, kuona kunakopungua, pazia au kivuli kipya, vimulimuli na vidoa vipya, mistari iliyonyoka kuonekana imepinda, usaha au wekundu unaozidi. Dalili hizo zikitokea katika jicho la pili, ni vilevile.

Ndugu wasomaji, operesheni hii ni ghali, na kwa wengi wetu ni safari ya mbali. Kwa sababu hiyo hiyo tusiiache nusu. Mnapohesabu fedha za kumpeleka mgonjwa, tengeni kando nauli ya kurudi mara ya pili na ya tatu, wala isiguswe kwa jambo jingine. Na ikiwa mgonjwa wenu atasema asubuhi moja kwamba mlango umepinda, msimjibu kwamba mlango ni wa zamani. Mpelekeni.